Maganda Meusi: Siku Nne za Kwanza na Beringi za King XP Ndani ya EJ20

Boksi lenyewe dogo, linaingia kwenye mfuko wa koti. Nililifungua juu ya meza ya karakana moja Shimanzi, Mombasa, saa moja kasoro robo asubuhi, mikono nimeisugua kwa sabuni mara mbili, na nilipoliinua ganda la kwanza kuelekea dirishani maneno yakanikauka. Jeusi! Si weusi wa kuungua, ule ambao kila aliyewahi kufungua injini iliyonoki anaujua na anauchukia. Huu ni weusi wa wino uliokauka, umetanda sawasawa kutoka ncha hadi ncha, bila doa wala mkwaruzo, na ukiligeuza ganda kidogo linarudisha mwanga kama maji ya kisimani. Mzee wa karakana, aliyeanza kushika beringi kabla mimi sijazaliwa, aliinama, akatazama, akasema neno moja tu: "Mashallah."

Hizi ni beringi za konrodi za kampuni ya King, safu ya XP, za injini ya Subaru EJ yenye pini ya milimita 52. Nimezingoja wiki tano. Nimeagiza maboksi mawili, moja la saizi ya kawaida na moja lenye herufi X mwisho wa namba yake, na herufi hiyo moja ndiyo iliyonitia kiherehere cha kuandika makala haya. Nitaifikia.

Kwanza injini, kwa sababu beringi haichaguliwi hewani. EJ ilitoka mwaka 1989 ndani ya Legacy, ikaishi zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 2019 Subaru ikaiaga EJ20 kwa magari 555 ya WRX STI. Sisi wa huku hatuhitaji kuhadithiwa ukoo wake. Colin McRae aliishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote ndani ya Impreza yenye ukoo huu, na mtoto aliyesimama kando ya barabara ya vumbi siku hizo bado ana mngurumo ule masikioni. Ni injini ya boksa: pistoni nne zimelala, mbili kushoto, mbili kulia, kama mabondia wanaotazamana.

Kulala huko ndiko kunakofanya krenki yake iwe fupi ajabu. Pini nne za konrodi na beringi kuu tano zimebanana kwenye urefu ambao krenki ya silinda nne za mstari ingeona ni dhiki. Kwa hiyo beringi za konrodi ni nyembamba. Weka ganda moja juu ya kidole gumba na kidole kinalijaza! Uso huo mdogo ndio unaobeba kila nguvu unayoiongeza: turbo kubwa, shinikizo zaidi, mizunguko zaidi, vyote vinaishia hapo.

Na kuna jambo la pili, linalowatenga watu wa Subaru na ndugu zao wa Toyota. Kwenye injini yao ya 2JZ, ukishashusha sampu, kofia za konrodi unazitazama kwa macho. Kwenye EJ konrodi zinafungwa kwanza kwenye krenki, krenki inalazwa ndani ya nusu moja ya bloku, nusu ya pili inafunikwa juu yake, ndipo pistoni zinaingizwa kutoka nje na pini zake kusukumwa kupitia matundu madogo ya ubavuni. Beringi ya konrodi inazikwa ndani kabisa. Ukikosea, hurudi kuiangalia kesho kutwa baada ya chai. Unaitoa injini, unaivunja kila kitu, unaanza upya. Hii ndiyo sababu nilitumia siku mbili kupima na saa chache tu kufunga, na sijutii hata dakika moja.

Mwaka jana injini hii hii ilininokia karibu na Maungu, nikielekea Voi, jua la utosi. Ko. Ko. Kisha ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango akijua umo ndani. Niliizima, nikaketi kando ya lami nikijua kilichotokea. Tulipoifungua, nyuma ya ganda moja tukakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kuna gereji niliyowahi kuiamini iliyoona beringi imelegea ikaamua kuijazia mgongo kwa karatasi. Nawaomba mafundi wetu kwa mapenzi yote, jamani, tuache! Ganda linapoza joto lake kwa kugusana na chuma cha konrodi. Ukiweka karatasi katikati umelinyima mahali pa kutolea joto, umelipotosha umbo, na umempa dereva bomu lenye saa. Konrodi ile ilibadilika rangi ikawa ya zambarau. Nimeiweka, ipo rafuni kwangu.

Sasa tulitazame ganda linafanyishwa kazi gani, maana hapa ndipo moyo wangu huenda mbio. Mwendo wa pistoni wa EJ20 ni milimita 75 na konrodi ina urefu wa milimita 130.5. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, kila pistoni inafika mwisho wa safari yake, inasimama, inavutwa kurudi, zaidi ya mara 116 katika sekunde moja. Chukua pistoni na pini yake vyenye uzito wa nusu kilo kwa pamoja. Pale mwisho wa safari, ili isiendelee kuruka nje, konrodi inaivuta kwa kilonyutoni 13, sawa na kuning'iniza tani moja na thuluthi kwenye ganda la upande wa kofia. Panda hadi 8,000 na mzigo huo unakaribia tani moja na robo tatu. Umeongeza mizunguko elfu moja tu! Halafu zamu ya moto: shinikizo la baa 100 juu ya pistoni ya milimita 92 ni karibu tani 6.8, zinazotua kwenye ganda la upande wa konrodi. Vuta, sukuma, vuta, sukuma, huku uso wa pini ukipita juu ya ganda kwa mwendo wa kilomita 68 kwa saa.

Na havigusani!

Hilo ndilo linaloniacha mdomo wazi kila nikilifikiria. Kati ya pini na ganda kuna utando wa oili, na pale unapobanwa zaidi unafikia unene wa maikroni chache tu. Unywele wa mtu ni mnene mara kumi na zaidi ya hapo. Wengi wetu tunadhani pampu ya oili ndiyo inayoinyanyua pini. Sivyo. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akifanya majaribio ya beringi za ekseli za reli, akatoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Badala ya kushuka, oili ikapanda na kumwagika nje. Akaziba tundu kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Akaziba kwa kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga kipimo cha shinikizo, mshale ukapita mwisho wa namba zake. Pini inapozunguka huiburuta oili na kuipenyeza kwenye pembe inayozidi kuwa nyembamba, kama kabari, na kabari hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Osborne Reynolds aliipatia hesabu yake mwaka 1886, na hesabu hiyo ndiyo inayotuendesha hadi leo. Kazi ya pampu ni kuleta oili mlangoni tu. Basi unapochagua beringi ya injini iliyoongezewa nguvu, unachochagua hasa ni umbo la kabari hiyo, na ukilielewa hili hutalitazama tena ganda kama kipande cha bati.

Turudi kwenye maganda yangu meusi. Ubavuni, ukiangalia kwa kioo cha kukuza, unaona tabaka. Mgongo ni chuma. Juu yake shaba iliyochanganywa na risasi, hiyo ndiyo misuli. Kisha nikeli, nyembamba mno, ya kuzuia madini ya tabaka mbili yasihamiane. Na juu kabisa uso laini wenye risasi. Wazo la uso laini ni la zamani: Isaac Babbitt wa Massachusetts alilitengeneza mwaka 1839 kwa bati, antimoni na shaba, na werevu wake ni kwamba punje ya uchafu ikipita inazama ndani ya ulaini badala ya kuichana pini. Magari mengi ya kawaida yalihamia beringi za alumini na bati, zenye tabaka mbili, hasa baada ya agizo la Ulaya la mwaka 2000 kuhusu magari chakavu kuibana risasi. Kwa gari la kwenda kazini zinatosha kabisa. Kwa mzigo nilioueleza hapo juu, nataka tabaka tatu, na nazitaka kwa moyo wote.

Weusi wenyewe, ambao King wanauita pMax Black, ni uso wa juu uliogumishwa ili usichoke kwa kupigwa na kuvutwa. Beringi inayochoka huonyesha nyufa ndogo kama tope la bwawa lililokauka, kisha vipande vinabanduka. Ugumu unalikawiza hilo. Lakini ugumu una bei yake, nami naisema wazi: uso mgumu unasamehe uchafu kidogo kuliko uso laini. Ukifunga ganda hili kwenye bloku isiyooshwa vizuri, yenye chembe za mchanga wa kusagia kwenye njia za oili, umelinunua bure. Tuliiosha krenki yetu mara nne, tukapitisha brashi ndefu kwenye kila tundu, na mara ya nne kitambaa cheupe kikatoka cheupe.

Kuna maganda mengine mazuri niliyoyafikiria. Safu ya Race ya ACL kutoka Australia ni kipenzi cha wajenzi wengi wa EJ, nayo ni ya tabaka tatu, na ningefunga seti yake kesho bila wasiwasi. Kuna pia yale yanayopakwa utando wa polima juu, ambao unasaidia zile sekunde za kwanza injini inapoamka kabla oili haijafika. Nilichagua King kwa sababu gari langu litapanda mizunguko mingi kuliko zamani, na ugumu wa uso ndio niliouhitaji zaidi. Mwenzangu anayeendesha shamba hadi mjini, kwenye vumbi, na anayepitisha muda wa kubadilisha oili, nisingempa hizi. Huyo atafute uso laini zaidi, na abadilishe oili!

Kitu kingine kinachotenganisha ganda la mbio na la kawaida hukioni kwa jicho. Halifuati duara kamili. Ni nene katikati na linapungua kidogo kidogo kuelekea kwenye maungio. Kwa nini? Kwa sababu konrodi ikivutwa kwa zile tani, jicho lake kubwa linarefuka kama yai, na likirefuka kwenda juu linabana ubavuni, pale pale kofia inapoungana na konrodi. Ganda la duara kamili lingeifuta oili pale na kuigusa pini. Ganda lililopunguzwa kwenye maungio linaacha nafasi. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa akawaza, "Hii konrodi itabadilika umbo mbele ya macho yangu, acha nilikate ganda kwa umbo litakalokuja." Hebu fikiria!

Sasa ile herufi X.

Upenyo wa oili, yaani tofauti kati ya kipenyo cha pini na kipenyo cha ndani cha beringi iliyofungwa, ndio uamuzi mkubwa kuliko wote. Kanuni ya wajenzi wa zamani ni sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya pini. Kwa pini ya milimita 52 inakuja kama milimita 0.052. Ukibana zaidi, oili inapata joto, inakuwa nyepesi, na siku konrodi inaponyumbuka vitu vinagusana. Ukilegeza zaidi, oili inamwagika pembeni kabla haijajenga kabari, shinikizo linashuka, na pini inaanza kulipiga ganda kama nyundo. Nililenga 0.050 kwa konrodi zote nne. Si tatu kati ya nne. Zote.

Ganda lenye X ni jembamba kidogo kuliko la kawaida. Ukitumia jozi nzima ya X unaongeza upenyo kwa milimita 0.025. Lakini, na hapa ndipo nilipopiga kofi mezani, unaruhusiwa kuchanganya! Ganda moja la kawaida na moja la X kwenye konrodi moja, upenyo unaongezeka kwa nusu yake, maikroni kumi na mbili na nusu. Lile nene linakaa upande wa konrodi, kwenye mzigo wa moto. Lile jembamba linakaa kwenye kofia. Maboksi mawili, na ghafla una uwezo wa kuchagua unene kwa hatua ndogo ajabu.

Kupima tulianza siku ya kwanza jioni tukaacha, kwa sababu Mzee alikataa. Krenki ilikuwa imekaa karibu na mlango, inapigwa na jua la magharibi, na konrodi zilikuwa ndani kivulini. "Mwanangu," akaniambia, "chuma kina homa hicho. Utapima homa." Ni kweli kwa hesabu pia: chuma cha milimita 52 kikipata joto la nyuzi 10 zaidi kinapanuka kwa karibu maikroni 6, nusu nzima ya tofauti niliyokuwa naitafuta. Tukaviweka vyote meza moja, tukavifunika, tukalala. Asubuhi, kabla ya Shimanzi haijaanza kuchemka, vilikuwa na joto moja.

Konrodi ni mpya, za chuma cha kufuliwa. Unaweka maganda, unafunga kofia, unakaza bolti kama utakavyozikaza mwisho, kwa sababu kukaza kwenyewe kunabadilisha umbo la jicho. Unapima pini kwa maikromita, unakiwekea kipimo cha tundu sifuri kwa maikromita hiyo hiyo, kisha unapima ndani ya beringi wima, mbali na maungio. Maungioni utadanganywa na ule wembamba nilioueleza. Uzi wa plastiki unaopondwapondwa, ambao wengi wetu tumelelewa nao, ni shahidi mzuri wa pili. Hukumu usimwachie yeye.

Kwa maganda ya kawaida tupu tulipata: 0.038, 0.040, 0.039, na ya nne 0.051. Mzee akapima tena ya nne. Akapima mara ya tatu. Ilikuwa pini yenyewe, ile iliyoumia Maungu, ambayo tulilazimika kuing'arisha kidogo zaidi ya wenzake. Zamani ningesema "zote zinaingia, funga." Safari hii nilifungua boksi la X, nikatoa maganda matatu, nikayaweka kwenye kofia za konrodi tatu za kwanza. Ya nne nikaiacha na maganda yake mawili ya kawaida. Tukapima upya.

0.050. 0.052. 0.051. 0.051.

Nilipiga kelele hadi vijana wa karakana ya jirani wakaja kuchungulia! Konrodi nne, tofauti ya maikroni mbili kati ya ya chini na ya juu, bila kusaga kitu, bila kubahatisha, kwa kuchagua tu. Kampuni inayokuuzia ganda katika hatua ndogo namna hii inajua mtu wa aina gani anafungua boksi, na imemheshimu.

Kufunga ni kazi ya usafi na upole. Mgongo wa ganda mkavu, kiti chake kwenye konrodi kikavu. Oili nyuma ya ganda inazuia joto kupita. Uso wa mbele ndio unaopakwa mafuta mazito ya kufungia, kwa ukarimu. Kijino cha ganda kinaingia kwenye mfereji wake, lakini kisikudanganye: hakishikilii kitu, kinaonyesha mahali tu. Kinacholishika ganda lisizunguke ni ncha zake, zinazochomoza kidogo mno juu ya ukingo wa kofia. Ukikaza, ncha zinakutana na kusukumana, na ganda zima linajibana kwenye kiti chake. Nimewahi kuona fundi akizipiga tupa ncha hizo "zikae sawa." Hapo ameliua kabla halijazaliwa.

Bolti za konrodi hatukuzikaza kwa mkono wa mazoea. Bolti ni springi. Nguvu yake ya kushika inatokana na kuvutika kwake, kwa hiyo tulipima urefu kabla na baada, kwa kipimo kinachoshika ncha zote mbili, hadi kila moja ikafikia mvutiko ulioandikwa kwenye karatasi ya konrodi. Spana ya toki inatoa makadirio, na makadirio hayo yanaharibiwa na tone la oili kwenye nyuzi. Baada ya kila konrodi, unazungusha krenki kwa mkono. Natamani ningekuwa na maneno ya kueleza hisia ile. Inateleza, ina uzito kidogo kama mlango mzuri wa mvule, na inasimama pale unapoiacha.

Siku ya tatu, alasiri, plagi nje, petroli imekatwa, kipimo cha oili cha mshale kimefungwa moja kwa moja kwenye bloku. Mzee akabonyeza stata. Sekunde tano, kimya. Nane. Kisha mshale ukatikisika, ukapanda, ukatulia. Tulirudia mara mbili, tukarudisha plagi, tukawasha.

Hakuna ko! Hakuna hata kivuli chake! Nilishusha kichwa chini ya bampa, nikaweka bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni, na nilichosikia ni mnong'ono wa oili na wa vyuma vinavyoenda kazini. Tulitumia oili ya 5W-40. Kwa upenyo wa 0.065 ningekwenda nzito zaidi. Kwa huu, hii inatosha. Ikiwa moto kabisa, oili ya nyuzi 95, mizunguko 3,000, mshale unasoma baa 4. Kanuni ya zamani inataka kama baa 0.7 kwa kila mizunguko elfu, kwa hiyo tuko na akiba tamu.

Watu huniuliza kama beringi zinahitaji "kuzoeshwa." Ringi za pistoni ndizo zinazohitaji. Beringi iliyopimwa vizuri imezoea tangu mzunguko wa kwanza, au haitazoea kamwe. Hata hivyo ringi zina haki yake, basi nimekwenda Voi na kurudi mara mbili, nikibadilisha mwendo, nikipanda hadi 5,000 na kuachia, nikiiacha injini ijivute yenyewe kwenye mteremko. Mara ya kwanza nilipopita Maungu nilipunguza, nikafungua kioo, nikasikiliza. Upepo, tairi, na ule mngurumo wa boksa. Nikarudisha gia ya tatu na kukanyaga!

Nguvu kamili bado. Siku ya daino imepangwa wiki ijayo, na shinikizo la turbo litapandishwa hatua kwa hatua, petroli na muda wa cheche vikitangulia, kwa sababu mchomo unaolipuka kabla ya wakati unaiua beringi yoyote ile, nyeusi au nyeupe. Na sampu imewekewa vizuizi ili oili isikimbilie pembeni kwenye kona ndefu. Pampu inayofyonza hewa haina cha kupeleka mlangoni.

Jana jioni tulimwaga oili ya kwanza na kukata filta. Mzee aliikunjua karatasi yake yote, mkunjo kwa mkunjo, juani, akipitisha sumaku. Vumbi kidogo la ringi, la kijivu, kama tulivyotarajia. Chembe ya shaba hata moja hatukuiona. Akakunja karatasi, akafungua droo anakoweka maikromita yake, akanyoosha mkono bila kusema kitu, nami nikampa maganda yaliyobaki: matatu ya kawaida na matano ya X. Ameyapanga ndani ya kitambaa, ameandika juu yake kwa kalamu ya rangi: EJ, 52, yasiguswe.